Muulize Mhandisi: Nibaki Kusini au niende Dar?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimemaliza shahada ya uhandisi umeme, niko nyumbani Nachingwea. Wenzangu wako Dar na wananicheka, eti huku hakuna kazi ya mhandisi. Nataka siku moja niwe mhandisi mshauri. Nianzie wapi? Na washauri hulipwa vipi?
S., Nachingwea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nilianza Mtwara enzi za jenereta za dizeli. Mafuta yakichelewa, mji wote gizani. Na gesi ya Mnazi Bay ilishagunduliwa tangu 1982, hapo hapo Msimbati! Ilikaa ardhini zaidi ya miaka 20 ndipo ikaendesha mitambo ya umeme. Uzuri wa kituo kidogo ni kwamba hakuna kusema "hiyo si idara yangu". Asubuhi uko kwenye mtambo, jioni uko juu ya nguzo. Kwa hiyo baki, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Karatasi ni jambo fupi. Jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, fanya mafunzo ya vitendo ya miaka 3 chini ya msimamizi, uombe uhandisi mtaalamu. Uhandisi mshauri unakuja baadaye, ukishakuwa na kazi za kuonyesha.

Kazi yenyewe ndiyo ndefu. Mwenye kiwanda kimoja cha korosho aliniita nimsainie makadirio ya transfoma mpya ya kVA 500 (kVA hupima umeme wote unaopita, unaofanya kazi na usiofanya; kilowati ni ule unaofanya kazi tu), kwa sababu yake ya kVA 315 ilikuwa inachemka. Fundi wake alishampa bei. Nikamwomba anipe wiki moja kwanza, nikafunga kifaa cha kurekodi. Majibu: mashine zilikuwa zinatumia kilowati 200 tu, lakini transfoma ilibeba kVA 308. Mota zilikuwa kubwa kuliko kazi, nyingine zinazunguka bila korosho, na mota za namna hiyo huvuta umeme mwingi unaokwenda na kurudi kwenye nyaya bila kufanya kazi. Nikafungua kabati la kapasita, ambazo kazi yake ni kupunguza mzigo huo. Zilikuwa zimevimba kama maandazi, fyuzi zote zimekatika, na hakuna aliyejua zimekufa lini. Tulipofunga mpya, kVA zikashuka hadi 211 hivi. Transfoma ile ile ikapoa, na bili nayo ikapungua, maana mteja mkubwa hulipia pia kiwango cha juu kabisa cha kVA alichofikia.

Pwani utakutana na adui mwingine, chumvi. Hoteli ikikuita kwamba bomba la bafuni linapiga shoti, usianze na hita. Fukua kwanza ile fimbo ya ethi, yaani chuma cha kupeleka ardhini umeme uliovuja, utazame kikamatio kinachoubana waya wake. Mara nyingi utakuta kimeota kutu ya kijani na waya unashikiliwa na uzi mmoja. Pima ethi wakati wa kiangazi, kwa sababu mchanga ukilowa mvua hukupa majibu ya kufurahisha yasiyodumu.

Kuhusu malipo, kubalianeni ada kwa maandishi kabla hujafungua hata kabati moja. Kamisheni ya muuza vifaa usiiguse, hata akiiita ya soda. Yule wa korosho nilimwambia asinunue transfoma. Ningemwambiaje hivyo kama sehemu ya bei ya transfoma hiyo ingeingia mfukoni mwangu?