Maswali Yenu: Kufuga na Kuonyesha Paka wa Sokoke

Paka wa Sokoke ni miongoni mwa aina adimu za paka wenye cheti cha nasaba duniani, na asili yake ni pwani yetu, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Waulizaji wa safari hii wanataka kumfuga kwa utaratibu na kumfikisha mbele ya majaji.

SWALI: *Nina jike shambani mwenye mabaka ya kahawia yaliyojiviringa ubavuni. Wazee hapa humwita kadzonzo. Naweza kumsajili kama Sokoke na kuuza watoto wake Ulaya?* (Msomaji, Watamu)

JIBU: Mabaka peke yake hayatoshi. Jeni ya mabaka mapana yanayojipinda inapatikana kwa paka wa mitaani wa nchi nyingi. Mwangalie kwa makini zaidi. Ndani ya sehemu nyeusi za mabaka, kila unywele uwe na pete za rangi, ili baka lionekane kama limenyunyiziwa chumvi. Hapo ndipo alipofananishwa na gome la mti. Manyoya yawe mafupi, yamelala, bila sufi ya ndani. Kichwa kiwe kidogo kwa mwili wake, macho ya kaharabu au kijani hafifu, na miguu ya nyuma iwe mirefu kuliko ya mbele, kiasi kwamba anatembea kama anayenyata.

Hata akiwa na hayo yote, bado hana ukoo ulioandikwa. Daftari la aina hii lilianza na watoto wa paka waliookotwa na Jeni Slater huko Watamu mwaka 1978. Baadhi ya wazao wao walipelekwa Denmark miaka ya 1980 na Gloria Moeldrup, na FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya paka, likawatambua miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paka wengine walitolewa tena Kenya, na wafugaji huwaita "ukoo mpya". Paka wote waliosajiliwa wanatokana na mababu hao wachache, kwa hiyo jike wako akikubaliwa, thamani yake kubwa ni damu mpya, kuliko bei ya watoto wake.

Anza hivi. Mpige picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, juu ya mgongo na uso. Andika mahali na tarehe alipopatikana. Daktari wa mifugo amwekee mikrochipu na kumpima virusi vya FIV (vinavyopunguza kinga ya paka) na FeLV (vya leukemia ya paka). Akiwa na chochote kati ya hivyo, mhasi na asizalishwe. Kisha iandikie klabu ya Sokoke kabla hajapandwa na dume yeyote, uulize masharti yao kwa paka asiye na cheti. Akishapata mimba kwa dume wa jirani, umepoteza miezi minne au mitano. Wala usitege paka msituni: hiyo ni hifadhi, na kuingia na mitego bila kibali ni kosa.

Kuhusu Ulaya, hesabu muda mapema. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezisamehe kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa. Mtoto huwekwa chipu, huchanjwa akitimiza wiki 12, damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa (kiwango kisipungue 0.5 IU kwa mililita), kisha anangoja miezi 3 tangu damu ichukuliwe. Hasafiri, basi, kabla ya miezi 7 hivi. Kosa linalorudiwa mno ni kuchanja kwanza na kuweka chipu baadaye: chanjo hiyo haihesabiwi, na kazi yote inaanza upya.

SWALI: *Mimi ni Mkenya ninayeishi Copenhagen. Nimepewa nafasi ya kununua dume na jike wa uzao mmoja. Ni mwanzo mzuri?* (Msomaji, Denmark)

JIBU: Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Watoto wa kaka na dada wana mgawo wa undugu (uwezekano wa kurithi jeni ileile ya babu mmoja kwa baba na kwa mama) wa asilimia 25. Wa ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, 12.5, wa binamu wa kwanza, 6.25. Hiyo ni juu ya undugu ambao wazazi tayari wanao, na kwa Sokoke huo si mdogo. Matokeo huonekana polepole: uzao wa watoto wawili badala ya wanne, watoto wepesi wa kilo, maradhi yasiyopona haraka. Mfugaji anayekuuzia jozi kama hiyo kwa ajili ya kuzalisha ama hajui au hajali.

Nunua jike mmoja tu. Omba cheti chenye vizazi vinne au zaidi, uweke majina ya mababu kwenye programu ya kukokotoa undugu, kisha utafute dume wa kukodi, hata nchi jirani. Dume mwenye mabaka yasiyo safi sana lakini asiye na undugu wa karibu ni bora kuliko bingwa ambaye ni mjomba wa jike wako. Mabaka unaweza kuyarekebisha kwa vizazi viwili. Damu iliyobanwa huwezi. Na usishawishike kuchanganya na paka wa aina ya Bengal kwa sababu naye ana mabaka ya marumaru: mwili, uso na manyoya yatabadilika, na hutakuwa tena na Sokoke.

Jambo la rangi: FIFe inamtambua kwa msimbo SOK n 22 pekee, yaani mweusi wa mabaka yaliyojiviringa. Jeni ya mabaka haya hujitokeza tu mtoto akiirithi kwa baba na mama, kwa hiyo wazazi wawili wenye mabaka hawatazaa watoto wa mistari myembamba. Weusi tititi, hata hivyo, wanaweza kutokea kama wazazi wote wawili wamebeba jeni ya weusi huo kwa siri: kwa wastani mmoja kati ya wanne. Hao hupata nyumba njema, na wewe unajua wazazi wamebeba nini.

SWALI: *Watoto wa paka wangu walizaliwa wazima, wakanyonya, siku ya pili wakaanza kufa mmoja mmoja. Mkojo wao ulikuwa mwekundu wa kahawia. Nini kilitokea?* (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole sana. Dalili hizo zinaelekeza kwenye kutopatana kwa damu. Paka wana makundi A na B hasa. Jike wa kundi B ana kingamwili kali dhidi ya A, na huzipitisha katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Mtoto aliyerithi A kwa baba hunyonya dawa na sumu kwa pamoja: chembe zake nyekundu hupasuka, na mkojo hubadilika rangi. Mpime jike na dume kundi la damu kabla ya kupandisha tena. Kama jike ni B, tafuta dume B, au uwatenge watoto na chuchu za mama kwa saa 24 za kwanza, kisha uwarudishe.

Katika saa hizo wape maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kila baada ya saa 2 hadi 3. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Mtoto aliyepoa chini ya nyuzi 35 usimlishe kabisa, kwa kuwa utumbo wake umesimama. Mpashe joto taratibu kifuani mwako kwanza.

Uzao wowote, upime kwa mizani ya jikoni kila siku saa ileile. Mtoto huzaliwa na gramu 85 hadi 110 na huongeza 10 hadi 15 kwa siku. Asipoongeza siku nzima, chunguza. Akipungua siku ya pili mfululizo, mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Dokezo kwa wafugaji wote wa pwani: dawa ya kupe ya ng'ombe au mbwa yenye permethrin huua paka, na paracetamol vilevile, hata kipande cha kidonge.

SWALI: *Ninamwandaaje kwa onyesho la kwanza?* (Msomaji, Oslo)

JIBU: Kwa kuwa hana sufi ya ndani, kazi ya manyoya ni ndogo: mwogeshe siku 3 kabla, na asubuhi ya onyesho mpanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu, kufuata manyoya. Kata kucha, safisha masikio. Dume aliyekomaa asiyehasiwa awe na kende zote mbili zimeshuka, na jike anayenyonyesha asiende. Mkunjo wa mkia utamtoa, na doa jeupe kifuani litamgharimu.

Kazi kubwa ni tabia. Sokoke huzoea watu wa nyumbani na kushtuka kwa wageni, kwa hiyo tangu wiki ya 3 ashikwe kila siku na mikono tofauti, asimamishwe mezani, anyooshwe, afunguliwe kinywa, dakika mbili tu, kisha apewe kipande cha kuku. Ubingwa wa FIFe unahitaji CAC (cheti cha kuwania ubingwa) 3 kutoka kwa majaji 3 tofauti. Paka akikunja mwili mezani, jaji hawezi kuona ile miguu ya nyuma wala mwendo wake wa kunyata.