Usitoe dipoziti Jumamosi, nisome kwanza

Ndugu yangu mdogo, salamu nitakupa siku nyingine. Umeandika kwamba una miaka 24, unapata shilingi elfu themanini na tano kwa mwezi pale bandarini, umejiwekea laki tisa, na Jumamosi hii unakwenda yadi ya magari kutoa dipoziti ya Mercedes C200 ya mwaka 2011. Bei milioni moja na laki tatu unusu, na hizo laki nne unusu zinazopungua utalipa mdogo mdogo ndani ya mwaka. Ukauliza mambo manne: uagize Japani au ununue lililopo hapa, bima gani, fundi gani, na rangi ya fedha au nyeusi. Kisha ukamalizia kwa maneno yaliyoninyima usingizi jana: "Nataka nilipe mwenyewe kila senti, nisimwombe mtu yeyote."

Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2019, mbele ya mamangu, kibarazani kwetu Tudor, Mombasa, nikiwa na miaka 26. Nilikuwa na milioni moja na laki nne benki. Miaka mitano ya kazi ilikuwa humo ndani, mpaka pesa za mchezo wa kupokezana na pesa za likizo ambazo sikwenda. Nikanunua C200 ya 2010 kwa milioni moja na elfu mia tatu na themanini. Nilipokwisha kulipa uhamisho wa jina na kuweka mafuta, akaunti ilibaki na elfu kumi na moja. Elfu kumi na moja, na mshahara ulikuwa bado siku kumi na tisa.

Hapo ndipo kosa lilipo, na nakuomba usilipite haraka. Watu wakisikia hadithi yangu husema nilinunua gari bovu. Gari lilikuwa na tatizo, kweli, lakini tatizo lile lilikuwa la elfu tisini na nane. Kilichonimaliza ni kwamba sikuwa nazo hizo elfu tisini na nane.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikiwasha nasikia mlio, kra-kra-kra, kama mtu anatikisa kopo lenye misumari. Sekunde tatu, nne, kisha unanyamaza na injini inatulia vizuri kabisa. Mchana ukiwasha, husikii kitu. Nikampelekea fundi mmoja upande wa Changamwe, mzee mtulivu, asiyependa maneno mengi. Akaniambia niliache gari kwake lilale. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu akaliwasha mwenyewe, akasikiliza, akalizima. Akafungua kifuniko cha juu ya injini, akaniwekea tochi mkononi, akanionyesha gia mbili za kamshafti, zile fito zinazofungua valvu, ambazo cheni inapita juu yake. "Pitisha ukucha hapo," akasema. Nikapitisha. Meno ya gia huwa na mabega, yamejaa. Yale yalikuwa yamelika upande mmoja hadi yamechongoka, ukucha unakwama kwenye ncha.

Akanieleza, nami nakueleza wewe kwa sababu gari unalolitaka lina uwezekano mkubwa wa kuwa na injini hiyo hiyo ya 1.8 yenye tabo. Cheni yake hurefuka kwa kutumika, hasa ikiwa waliokutangulia walichelewesha kubadilisha oili au waliweka oili ya rahisi. Kile kinachoikaza cheni kinategemea presha ya oili. Gari likilala usiku, presha inashuka, na ukiwasha asubuhi cheni inalegea kwa muda mfupi kabla oili haijapanda. Huo ndio mlio. Cheni ikilegea zaidi inaruka jino, na ikiruka meno kadhaa, valvu na pistoni zinakutana mahali ambapo hazikutakiwa kukutana. Cheni mpya, gia mbili, kikazio, oili na kazi yake: elfu tisini na nane. "Usilitembeze sana kabla ya hapo," akasema.

Nami nikalitembeza. Wiki sita. Ningefanya nini? Kodi ya nyumba, karo ya mdogo wangu, mafuta ya kukaa foleni ya daraja la Nyali kila jioni. Nikawa najiambia mwezi huu naweka elfu ishirini, mwezi ujao ishirini, mwisho nitafika. Nikawa naliwasha asubuhi nimefumba macho, nahesabu sekunde za ule mlio.

Sikumwambia mtu. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Ami yangu ana duka la vipuri Mwembe Tayari. Angenipa hizo hela siku ile ile, bila riba, pengine bila hata kuuliza sana. Lakini nilikuwa nimeshajisifu mbele ya ukoo mzima kwamba gari hili nimelipa mwenyewe, sikusaidiwa na baba wala ami. Nikaona nikienda kumwomba nitakuwa nimelifuta neno langu. Kumbe kulipa mwenyewe hakukuwa na shida yoyote. Shida ni kwamba nilidhani nimeshalipa, hali nilikuwa nimelipia kuingia mlangoni tu.

Jumatatu moja asubuhi nikabonyeza kuwasha. Kra-kra-kra, kisha mshindo mmoja mkavu kama ubao umevunjwa gotini, kisha kimya. Nikajaribu tena, ikazunguka nyepesi, bila kukaza, kama feni. Mamangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Akaniuliza, "Limefanyaje, mwanangu?" Nikasema betri.

Haikuwa betri. Valvu zilikuwa zimepinda na pistoni mbili zimegongwa. Kuitengeneza hedi, yaani kichwa cha injini, na kubahatisha, au kutafuta injini iliyotumika: laki mbili na elfu arobaini injini peke yake, na kwa kazi, oili, maji ya kupozea na gari la kuvuta nikafika laki tatu na elfu tano. Kazi ya elfu tisini na nane imezaa laki tatu kwa sababu ya wiki sita.

Na mimi, bado na kiburi changu, nikaenda kwa wakopeshaji wa logibuku, wale wanaokukopesha kwa dhamana ya hati ya umiliki wa gari lako. Sisemi ni wapi. Nikakopa laki mbili unusu. Riba yao ilikuwa asilimia nne unusu kwa mwezi, inapigwa juu ya deni lote la mwanzo hata ukiwa umeshalipa nusu. Kabla pesa hazijanifikia wakakata ada ya kukagua gari, ada ya kusajili jina lao kwenye logibuku kando ya langu, na bei ya kifaa cha kulifuatilia gari; mkononi nikapata laki mbili na elfu kumi na tisa. Kulipa: elfu thelathini na mbili na ushei kila mwezi, miezi kumi na miwili. Piga hesabu mwenyewe, ni laki tatu na elfu themanini na tano. Mshahara wangu wakati ule ulikuwa elfu sitini na nane. Mwezi wa saba nikateleza siku tisa, wakanipigia simu mpaka kazini, mbele ya mkubwa wangu. Mwezi wa nane nikaliuza gari mwenyewe kabla hawajaja kulichukua. Laki saba na themanini, wao wakakata chao kwanza.

Sasa niseme na yule dalali, maana najua wako wengi kama yeye na huenda mmoja wao ndiye anayekupigia simu wewe wiki hii. Aliniambia, akiwa ameniwekea mkono begani, "Gari la Mjerumani ukishalilipa taslimu, umemaliza. Miaka mitano halikudai kitu." Alijua. Nilipokwenda kuliona gari saa tano asubuhi nililikuta linanguruma, boneti ya moto, akasema amelitoa kuliosha. Mwezi mzima baadaye ndipo nilipoelewa kwamba aliliwasha mapema ili nisisikie mlio wa baridi. Kijana amekuja na jasho lake la miaka mitano, wewe unajua cheni imekwisha, unamwambia halitakudai kitu! Na vijana wenzangu wanaojipiga picha wameegemea boneti pale ufukweni Mama Ngina na kuandika "nimejilipia mwenyewe", nao wana lawama yao, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuweka picha ya risiti ya gereji.

Basi kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: gari la aina hiyo usilinunue mpaka uwe na bei yake yote, na kando yake, kwenye akaunti nyingine usiyoigusa, nusu ya bei hiyo tena. Gari la milioni moja na laki tatu unusu linataka uwe na milioni mbili na ushei. Najua ni nyingi. Lakini gari lile liliundwa kwa mtu wa kipato cha gari jipya, na lilipozeeka bei yake ya kununuliwa ilishuka, bei ya vipuri vyake haikushuka nalo. Giaboksi yake haijui kwamba wewe umelipata kwa bei ya mtumba. Sensa, raba za mguu wa mbele, kompresa ya kiyoyozi inayofanya kazi mwaka mzima kwa joto letu hili, upepo wa chumvi unaokula viunganishi vya umeme kimya kimya, vyote vinakudai kama kwamba umelinunua jipya.

Na wewe huna hata bei yenyewe! Una laki tisa na unataka kuanza na deni. Mwezi wa kwanza utakuwa unalipa yadi elfu thelathini na saba unusu kabla ya riba, mshahara elfu themanini na tano, na kando huna kitu. Mimi niliingia na elfu kumi na moja nikaona moto. Wewe unaingia ukiwa chini ya sifuri.

Kwa kanuni hiyo, laki tisa zako ni gari la laki sita na laki tatu zimelala. Kwa laki sita unapata Vitz au Demio safi lililotumika hapa hapa, ambalo kipuri chake utakipata kabla ya adhuhuri. Ukikaa nalo miaka mitatu, ukiendelea kuweka kama ulivyoweka, C200 utalipata ukiwa na miaka 27, na likikudai utalilipa bila kumpigia mtu simu. Hapo ndipo utakapokuwa umejilipia mwenyewe kweli.

La kuagiza Japani ni fupi: umbo hilo unalolitaka lilikoma kuundwa mwaka 2014, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo yote utakayoyaona sasa yameshakanyagwa na wengine hapa hapa. Ukitaka kuagiza ni umbo lililofuata, na hilo ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25 injini ikizidi cc 1500, kisha VAT asilimia 16, kila mmoja unapandishwa juu ya uliotangulia, hadi kodi peke yake inakaribia thamani ya gari lenyewe kama forodha walivyoikadiria. Laki tisa hazifiki huko.

Bima chukua kubwa, si ya kumlinda mwenzako peke yake, lakini usidhani itakulipia cheni. Bima hulipa ajali na wizi. Meno ya gia yaliyolika ni yako.

Ikiwa bado moyo umekushika na unaona lazima ulione gari hilo, basi mpigie muuzaji leo umwambie unakuja Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla ya kusalimiana. Ikiwa ya moto, geuka urudi nyumbani. Ikiwa ya baridi, usiingie ndani. Simama mbele, mwambie yeye awashe, na wewe usikilize sekunde tano za kwanza bila mtu kukuzungumzisha.

Jumamosi sina kazi. Niandikie faragha leo usiku uniambie yadi iko upande gani, nitakuja na yule mzee wa Changamwe, na gharama yake nitalipa mimi. Dipoziti iache nyumbani.