Jibu: Upasuaji wa sindromu ya Eagle, dalili zote huondoka?

Pole sana, dada. Umeuliza kama upasuaji utakuondolea maumivu ya koo pamoja na kizunguzungu. Mimi nilifanyiwa upande wa kushoto, na nionavyo inategemea mfupa wako wa sitiloidi, ule ambao ukiwa mrefu huleta sindromu hii, unagusa nini.

Mfupa huo mwembamba huanzia chini ya sikio, kwa kawaida una sentimita 2.5 hivi, ukizidi 3 huhesabiwa mrefu. Mfupa huo ukisugua mishipa ya fahamu, unahisi kama mwiba wa samaki umekwama kooni, na ukimeza maumivu yanapanda hadi sikioni. Hayo ndiyo yaliyonitesa, na yamekwisha. Mfupa ukibana mishipa ya damu, huja kizunguzungu, kichwa kuuma, hata kuzimia ukigeuza shingo.

Lakini wengi wana mfupa mrefu na hawaumwi kitu, kwa hiyo usikubali kukatwa kwa sababu ya picha ya CT (eksirei ya kompyuta) peke yake. Mwombe daktari wa masikio, pua na koo akubonyeze kwa kidole penye tonsili. Maumivu yako yale yale yakiamka, kisha yakatulia akichoma ganzi hapo, hiyo ni ishara nzuri.

Upasuaji wa kupitia mdomoni hauachi kovu la nje, ila daktari haoni vizuri. Mimi nilichagua shingoni na sijuti, ingawa mwanzoni kila tonge la kwanza la mlo lilinichoma tayani. Uji ulinisaidia mno.

Kuhusu kizunguzungu, kabla ya kusaini chochote omba CT ya mishipa ya damu, ionekane kama mfupa unaibana kweli.