Je, Kigango Kinaweza Kusimikwa Bustanini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mtaa wetu, ulio pembezoni mwa mji wa Malindi, umepata kiwanja kidogo ambacho tumekubaliana kukifanya bustani ya kuwakumbuka wazee wetu wa Kigiriama. Vijana wanataka tununue vigango viwili vya zamani, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, kutoka bomani kwa watu na kuvisimika langoni, lakini wazee wamekataa kata kata, na sasa kamati imegawanyika. Je, wazee wanatukwamisha bure? Na ikiwa wana haki, tuweke nini?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, wazee wenu wana haki, na ingefaa kamati iwashukuru kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kigango husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aghalabu baada ya yeye kumjia jamaa yake ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa; ndipo fundi anapoitwa, mti mgumu kama muhuhu ukachongwa na kutiwa nakshi za pembetatu na rangi, na marehemu akatambikiwa. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata familia ikihama. Huachwa palepale mpaka kioze chenyewe. Anayekinunua, kwa hiyo, ananunua jamaa ya mtu, na sidhani kwamba kuna mkazi wa mtaa wenu ambaye angependa babu yake asimame langoni ili watoto wampandie na wageni wapige naye picha.

Kwa miongo kadhaa vigango vimeibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda (jamii ambayo Wagiriama ni sehemu yake) kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu viliibwa, na baadaye vikagunduliwa katika majumba mawili ya makumbusho nchini Marekani. Vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Jumba la makumbusho la Denver nalo lilirudisha vigango 30, ambavyo viliwasili mwaka 2019, lakini kwa vingi vya aina hiyo haijulikani tena vilitoka boma gani. Kila anayelipia kigango, hata kwa nia njema kama yenu, huufanya uchongo huo uendelee kuwa na bei. Isitoshe, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kwa hiyo msisogeze kitu chochote cha kale kabla ya kuzungumza na maofisa wa Makumbusho ya Taifa.

Sasa muweke nini? Mfano mnao mjini kwenu: sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza. Yeye ni mtu wa historia ya wote, na kumchonga hakumwondoi marehemu yeyote mahali pake. Mimi, hata hivyo, nisingerudia sanamu ile ile. Ningetumia ukuta mmoja mrefu kusimulia kwa picha mambo ambayo sanamu moja haiwezi kuyasema: ngoma ya kifudu aliyoicheza kijiji hadi kijiji ili kukusanya watu, viapo vya Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, mwaka 1913, kukamatwa kwake na kupelekwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi, kisha kutoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Waalikeni mafundi wa hapo hapo, na michoro iwekwe mbele ya wazee wa kambi, yaani baraza la wazee wa kaya, ingali kwenye karatasi, maana kukosoa karatasi hakugharimu kitu. Hata nakshi za pembetatu mkitaka kuzitia kwenye viti, waulizeni kwanza.

Kuhusu vifaa, kumbukeni kwamba mko karibu na bahari. Chumvi hula nondo ndani ya saruji na sanamu ikapasuka kutoka ndani, kwa hiyo nondo zifunikwe kwa saruji nene, na uchongo wa mbao ukae chini ya paa. Pandeni muhuhu wenyewe pia, ingawa hukua polepole na sisi wengine hatutawahi kuketi kivulini mwake.

Bango la maelezo liandikwe Kigiriama kwanza, kisha Kiswahili, na majina ya wafadhili, ambao najua watayadai, yawekwe nyuma.