Ghorofa la jirani litanizibia jua

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Mwanga, Kigoma, nyumba aliyotuachia marehemu baba. Uani naanika dagaa kwenye chanja. Jirani wa mashariki anajenga ghorofa nne. Fundi wake kasema jua litanifikia saa tano. Naweza kumzuia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dagaa asipopata jua la asubuhi ananuka, najua. Ila mimi nataka maghorofa yaje Mwanga, maana watoto wetu wote hawawezi kusukumwa wakajenge porini. Ninachokataa ni kujenga kimyakimya.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inadai kibali kabla ya ujenzi. Nenda Manispaa ya Kigoma/Ujiji, mwone afisa mipango miji, uulize kiwanja kile kimeruhusiwa ghorofa ngapi na ukuta ukae umbali gani na mpaka wenu. Akizidisha, andika malalamiko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kibali kikiwa cha ghorofa nne kweli, jua hilo hulirudishi. Kamwone jirani leo, kabla zege la juu halijamwagwa, mzungumze madirisha yanayochungulia uani kwako na maji ya paa yataelekea wapi. Chanja ihamishie magharibi ya ua.