Usaili wa uzamivu Marekani: uende au muongee kwa simu?

Barua pepe za kuitwa kwenye usaili wa uzamivu Marekani nyingi huingia kati ya Desemba na Februari, na baadhi huja na swali la kukukosesha usingizi: utakuja, au tuongee kwa simu? Wadogo zangu, jibu linategemea uko wapi na nani analipa.

Uliyeko Dar, Nairobi au Kampala, chagua simu au video bila kuona haya. Programu nyingi zinazolipia nauli na hoteli huwalipia waliomo ndani ya Marekani tu. Wewe utaanza na viza ya matembezi: ada dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa, na miadi ya ubalozini inaweza kuangukia baada ya usaili wenyewe. Tena kuna jambo wengi hawalifikirii. Ukinyimwa viza hiyo Februari, fomu ya viza ya mwanafunzi utakayojaza baadaye itakuuliza kama uliwahi kunyimwa, na itabidi useme ndiyo. Si kwamba mlango umefungwa, lakini ya nini kujitafutia maelezo kwa safari isiyo ya lazima? Tangu Uviko-19, maprofesa wamezoea kabisa kusaili watu walio mbali.

Uliyeko kule tayari, labda unamalizia uzamili, na chuo kinalipa, nenda. Maswali ya profesa ni yaleyale ya kwenye simu. Kinachokupeleka ni chakula cha jioni na wanafunzi, wakubwa wakiwa hawapo. Hapo utasikia nani amemaliza kwa miaka mitano na nani yuko wa nane bado anahangaika, posho inatosha kodi au watu wanabanana chumbani, na rasimu ikipelekwa kwa profesa fulani inarudi baada ya wiki au baada ya muhula. Ukiuliza habari za msimamizi wakaanza kutazamana, umeshajibiwa.

Anayebaki kwenye simu hukosa hicho tu, kwa hiyo akiombe. Mwandikie mratibu wa programu kwamba ungependa kuongea na wanafunzi wawili wa maabara unayoomba, mmoja wao awe ametoka nje ya Marekani. Ni ombi la kawaida. Wakizungushazungusha, weka akilini.

Kuhusu saa: hadi wasogeze saa zao mbele mwezi Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8, California kwa saa 11. Usaili wa saa nane mchana New York kwetu ni saa nne usiku. Umeme unaweza kukatika muda huohuo na ruta ikazima, kwa hiyo weka bando kwenye simu iliyojaa chaji, na namba yako wawe nayo mapema.

Simu isiyo na video ina raha yake: unatandaza karatasi zako mezani na hakuna anayeona. Usizisome tu, sauti ya msomaji hujulikana. Ukimaliza kujibu pakawa kimya, usikimbilie kujazia maneno; mara nyingi mtu anaandika. Lafudhi ikikupita, omba arudie.

Sisi tumelelewa kutomhojihoji mkubwa. Kule, akisema "una swali?" ukajibu "sina, asante", anaona huna hamu. Uliza posho ya miezi ya likizo inatoka wapi, na profesa akihamia chuo kingine wanafunzi wake hubaki na nani. Hilo la pili huwafanya wanyooke kitini.

Ukikubaliwa na kupewa ufadhili, usiharakishwe. Vyuo vingi vimesaini makubaliano ya kutomlazimisha mwombaji kujibu kabla ya Aprili 15. Muda huo unatosha kuomba mazungumzo ya pili, safari hii wewe ndiye msaili.