Mkazo kwenye maneno ambatani ya Kiingereza

Swali: Nikitamka newspaper naambiwa mkazo umekosewa. Neno refu namna hiyo nilikateje?

Jibu: Ni mazoea ya Kiswahili. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi unasema news-PA-per. Nomino ambatani, yaani majina yaliyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili, nyingi za Kiingereza hukazwa sehemu ya kwanza: NEWS-pa-per, GRAND-moth-er. Kata kwanza kwenye mshono wa maneno mawili, ndipo ugawe silabi. Katika hothouse (hot + house), t na h zimekutana tu mshononi. Usizisome kama th ya thelathini. Mkazo hubadili hata maana: GREENhouse ni banda la kuoteshea mimea, green HOUSE ni nyumba ya kijani. Maneno wakaidi wa kanuni hii wapo, kama afterNOON. Hao hukaririwa tu.